Home ya Kasapa, foyer ya masista au chumba cha Gambela: linganisha siku ya kosa

Mwaka wa masomo unapokaribia, simu za ndugu kutoka Kolwezi, Kalemie, Kamina na Kasumbalesa zinakuja na jambo lilelile: mtoto amepata nafasi ya chuo kikuu Lubumbashi, atalala wapi? Baada ya hapo wanauliza bei. Wanauliza kama ni mbali na Kasapa, kampasi ya chuo, kama maji yanatoka, kama SNEL, kampuni ya umeme, inakata umeme kila jioni. Ni maswali ya haki na lazima yaulizwe. Ila ni nadra mtu kuuliza habari za sheria za mahali, na akiuliza anataka tu kujua kama ni kali au si kali.

Ukali peke yake haukuambii kitu. Ziko nyumba zenye karatasi nzima ya makatazo ambamo mwanafunzi amekaa L1 mpaka L3, mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, bila kugombana na mtu. Viko pia vyumba ambavyo siku ya kuingia hukuambiwa sheria hata moja, na asubuhi ya mtihani ukakuta godoro lako liko nje ya mlango. Kwa hiyo mimi nawaambia wazazi na wanafunzi walinganishe siku ya kosa. Siku umechelewa kurudi. Siku rafiki amelala kwako bila kuaga. Siku resho yako, jiko la umeme, imekata umeme wa vyumba vyote. Siku hiyo nani anakukamata, nani anakuhukumu, na ukiona umeonewa unapeleka malalamiko yako wapi?

Nimekaa home, yaani bweni la chuo, nimepanga chumba mtaa wa Gambela, wadogo zangu wa kike wamepita foyer, hosteli ya masista, na kila mwaka natembea na watoto wa ndugu kutafuta mahali. Haya ninayoandika yanatoka huko.

Home za Kasapa

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza kufundisha mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1971 kilimezwa na UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, pamoja na vyuo vya Kinshasa na Kisangani, na mwaka 1981 kikarudi kujitegemea kwa jina la UNILU. Kanuni za home zina mizizi katika nyakati zile ambazo serikali ndiyo iliyompa mwanafunzi kitanda na sahani ya chakula. Ndiyo maana zimeandikwa kwa sauti ya mwenye mali: kitanda ni cha chuo, wewe umekopeshwa, na kinaweza kurudishwa. Hakuna resho ndani ya chumba. Hakuna mgeni wa kulala. Hakuna kubadilishana kitanda bila ofisi kujua. Hakuna fujo, hakuna pombe, hakuna kuharibu mlango wala kioo.

Kwenye karatasi zimenyooka. Ndani ya chumba zinakutana na ukweli kwamba wanaotaka vitanda ni wengi kuliko vitanda vyenyewe. Hapo anazaliwa maquisard, mwanafunzi asiye na jina kwenye orodha, anayelala chini kwenye godoro la rafiki au la ndugu wa kijijini. Kila mtu anamjua, anasalimiwa asubuhi, anachota maji kwa zamu kama wengine. Lakini siku ukaguzi ukija, yeye ndiye kosa, na mwenye kitanda aliyempokea ni kosa la pili. Mzazi anayemtuma mtoto "akakae kwanza na kaka yake home mpaka mambo yakae sawa" aelewe kwamba anawaweka watoto wawili kwenye hatari ya kupoteza kitanda kimoja.

Halafu kuna sheria ya pili, ile ya chumba. Mkubwa wa chumba, mara nyingi mtu wa M1 au M2, miaka ya juu baada ya L3, ndiye anayepanga nani anafagia, nani anakwenda na bidoni ya maji, taa inazimwa saa ngapi, nani anaweza kuleta nani. Sheria hii haibandikwi popote na ndiyo inayotawala maisha yako ya kila siku kuliko ile ya ofisi. Ukiangukia kwa yaya, yaani mkubwa, mwenye roho nzuri, home inakuwa shule nzuri ya maisha: unajifunza kugawana bukari (ugali), kunyamaza mwenzako akisoma, kusema ukweli mbele ya watu sita. Ukiangukia kwa mwingine, unakuwa mfuaji wa nguo zake kwa jina la heshima kwa wakubwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya bleusaille. Mwanafunzi mpya, bleu, anaamshwa usiku, anaimbishwa, anatumwa, anadhalilishwa, na anaambiwa kwamba wote walipita hapo. Viongozi wa vyuo wanaikataza, lakini inarudi kila mwanzo wa mwaka kwa sababu wanaoifanya ni walewale ambao bleu angewaendea kulalamika. Kwangu mimi huu ndio udhaifu mkubwa wa nidhamu ya home: mtu wa karibu zaidi wa kukulinda ndiye mara nyingine anayekuonea. Mzazi anayepeleka mtoto wa miaka 17 au 18 home aulize jina la mkubwa wa chumba kabla ya kuuliza namba ya chumba, na azungumze naye uso kwa uso.

Pamoja na hayo, home ina kitu ambacho mahali pengine popote mjini hukipati: una jina kwenye orodha, una faili, na ukituhumiwa kuna ngazi za kupanda. Kuna delege wa wanafunzi, kuna komite, kuna ofisi inayoshughulika na maisha ya wanafunzi, kuna baraza la nidhamu ambalo linapaswa kukusikiliza kabla ya kukuadhibu. Ni ngazi ndefu, na mtu mwenye maneno anajua kuzitumia kuliko mpole. Lakini zipo. Nimeona kijana akirudishiwa kitanda chake kwa sababu aliandika barua, akaweka nakala, akafuata barua yake ofisi kwa ofisi mpaka ikajibiwa.

Jambo ambalo faili haikulindi nalo ni adhabu ya wote. Januari 2020, baada ya maandamano ya kupinga ada kwenye Chuo Kikuu cha Kinshasa, serikali ilisimamisha masomo na wanafunzi waliolala kwenye home za pale wakapewa saa 48 kuondoka. Waliorusha mawe na waliokuwa wamejifungia kusoma walibeba masanduku yao kwenye barabara moja. Hiyo ilikuwa Kinshasa, lakini kanuni ni moja kila mahali ambapo kitanda ni cha dola: kosa la wengine linaweza kukufukuza. Anayechagua home awe na anwani ya ndugu mjini ambaye anaweza kumpokea usiku huohuo.

Na hapa Lubumbashi tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Watu waliosoma miaka ile, ukiwaambia kwamba home kuna ukaguzi wa usiku, watakuuliza kwanza waliokagua ni akina nani, walivaa nini, na kiongozi gani wa chuo alikuwa pamoja nao. Ni maswali sahihi. Ukaguzi wa nidhamu unafanywa na watu wanaojulikana kwa majina.

Foyer ya masista

Kwenye foyer nyingi za mabinti nilizoingia, kitu cha kwanza unachokiona ni daftari. Liko kwenye kimeza cha sentineli, mlinzi, karibu na geti, limefungwa kalamu kwa uzi ili isibebwe. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula: jina, chumba, saa ya kutoka, unakwenda wapi, saa ya kurudi, sahihi. Mgeni ana ukurasa wake. Anakaa kwenye baraza au sebule ya wageni, hapandi ngazi, awe kaka, awe baba, awe mchungaji. Jioni sista anachukua daftari, anapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, na pale ambapo hakuna sahihi ya kurudi anapiga simu nyumbani kwenu. Hakuna baraza wala komite. Simu moja tu kwa mzazi.

Wengi wanaona hiyo ni jela. Mimi naona tofauti. Daftari linasema kitu kilekile kwa mtoto wa tajiri wa Golf na kwa mtoto wa mkulima wa Kasenga. Unajua saa ya geti. Unajua makosa ambayo yanaitwa onyo la kwanza na makosa ambayo yanakutoa siku hiyohiyo, kwa kuwa umeyasoma na kuyatia sahihi pamoja na mzazi wako. Binti anayejua kwamba geti linafungwa anapata pia sababu ya kumwambia mtu anayemng'ang'ania: naondoka sasa, geti linafungwa. Wasichana kadhaa wameniambia kwamba sababu hiyo iliwasaidia kuliko ushauri wowote.

Udhaifu wake uko mahali pengine. Rufaa ni fupi: sista msimamizi akiamua, umebaki na mama mkuu wa nyumba, na baada yake ni mizigo. Halafu saa ya geti ilipangwa kwa mwanafunzi anayesoma mchana. Mwanafunzi wa udaktari aliye kwenye zamu za usiku hospitalini, au yule wa jioni anayefanya kazi mchana ili ajilipie masomo, hawezi kuishi na geti la saa moja na nusu. Foyer nzuri inapokea barua ya kitivo au ya mwajiri na kukuwekea ruhusa ya kudumu. Foyer nyingine inakuomba uombe upya kila wiki, na hapo utachoka kabla ya mwisho wa muhula. Uliza hilo kabla ya kulipa, na uombe uonyeshwe mfano wa ruhusa ya namna hiyo.

Kuna pia suala la dini. Nyumba ya masista ina sala zake na haina haja ya kuomba radhi kwa hilo. Lakini mabinti wa makanisa mengine na Waislamu wanakaa humo pia. Sala ya jioni ni lazima au ni hiari? Binti anayefunga Ramadhani atapata wapi chakula wakati jiko limeshafungwa? Nimeona foyer moja ikimwekea msichana sahani yake ya jioni ndani ya sufuria yenye mfuniko mwezi mzima, bila mtu kupiga kelele. Usibahatishe. Sema mapema wewe ni nani, uone wanavyokujibu.

Za wavulana zipo chache zaidi, za mapadre na mabruda, na mara nyingi zinafuata mtindo huohuo kwa saa zilizolegea kidogo. Tofauti hiyo ya saa kati ya kijana na binti inauma, na binti ana haki ya kuuliza sababu yake. Jibu utakalopewa ni usalama wa njia usiku, na njia za kwetu usiku kweli si salama. Ila haziko salama kwa kijana pia.

Chumba kwenye parsele ya watu

Parsele ni kiwanja cha mtu chenye nyumba na vyumba vya kupangisha. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapoishia, Gambela, Kalubwe na pembeni mwa barabara ya Kasapa, na ndipo watu wanaposaini bila kusoma, mara nyingi kwa kuwa hakuna cha kusoma.

Komisionere, dalali wa nyumba, anakupeleka. Chumba kina mlango wa chuma, dirisha moja, bomba liko uani, choo cha pamoja. Unauliza masharti. Anacheka: "Hapa hakuna shida, papa ni mtu muzuri." Unalipa garanti, pesa ya dhamana inayorudishwa ukihama, unalipa komisheni yake, unaingia. Sheria zinaanza kukujia moja moja kadiri unavyozivunja. Kumbe geti linafungwa saa tatu. Kumbe wageni wawili kwa wakati mmoja ni wengi. Kumbe maji ya kufulia ni Jumamosi tu. Kumbe redio Jumapili asubuhi hapana, lakini mkesha wa maombi ya mama mwenye nyumba mpaka saa kumi alfajiri ni sawa, hata kama kesho una mtihani wa takwimu.

Vita kubwa ni ya kashpawa, umeme wa kulipia kabla. Mita iko kwenye ukuta wa veranda ya mwenye nyumba. Wapangaji wanachanga sawasawa, mmoja anakwenda kununua, anarudi na tiketi, na tarakimu zake 20 zinaingizwa moja baada ya nyingine watu wote wakiangalia kama wanahesabu pesa. Mwenye taa moja na simu amechanga sawa na mwenye friji ndogo. Siku kumi hazijapita, giza. Hapo mwenye nyumba anatoka na tochi, anapita mlango kwa mlango kutafuta nani ana resho. Anaingia, anainua kitambaa, anafungua kabati. Ukiuliza kwa nini anaingia, anakujibu: hii ni nyumba yangu.

Ni nyumba yake, lakini chumba ulichokilipia ni makazi yako. Kifungu cha 29 cha Katiba ya mwaka 2006 kinalinda makazi ya kila mtu, na hata askari hawaingii kupekua ila kwa namna sheria inavyoruhusu. Mwenye parsele hana mamlaka makubwa kuliko askari. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kodi za nyumba nayo inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Ukiombwa ya miezi sita na kuendelea, unajua sasa kwamba unaombwa kitu kilicho nje ya sheria. Mgogoro ukitokea, ofisi ya Habitat, inayoshughulika na makazi, kwenye komini inaupokea. Na mpangaji hatolewi kwa kutupiwa vitu nje: kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya mahakama. Najua kwamba mwanafunzi wa L1 hataenda mahakamani kwa ajili ya godoro. Lakini mwenye nyumba anayeona kwamba mpangaji anaijua sheria, na anaitaja kwa upole, "papa, naomba tuandike kama sheria inavyotaka", anaongea naye kwa lugha nyingine tangu siku hiyo.

Kwa hiyo andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: saa ya geti na nani ana ufunguo wake, wageni wa mchana na wa usiku, umeme unachangwa vipi na kifaa gani kinaongeza mchango, maji siku gani, nani ana ufunguo wa pili wa chumba na anaweza kuutumia wakati gani, garanti inarudishwa lini na inakatwa kwa uharibifu gani. Wote wawili watie sahihi, shahidi awe mzazi au chefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yenu. Mwenye nyumba mwema hakatai. Anayekasirika kwa sababu ya ukurasa mmoja amekwisha kukuambia siku ya kosa itakuwaje.

Kwa mabinti, swali la ufunguo wa pili linakuja kabla ya yote. Ziko parsele ambamo mwenye nyumba, au kijana wake mkubwa, anahesabu kwamba msichana aliyepanga peke yake ni mlango usio na mwenyewe. Anabisha usiku kwa kisingizio cha kodi. Anamkataza wageni wa kiume kwa jina la nidhamu, kisha yeye mwenyewe anakuja. Hiyo si nidhamu. Binti apange mahali ambapo mama wa nyumba yupo na anaonekana, abadilishe kitasa kwa pesa yake ikibidi, na asikae kimya kwa aibu. Aseme kwa mama huyo, aseme kwa wazazi, aseme kwa chefu wa avenyu. Mimi ningemtoa mtoto wangu humo hata kama garanti yote inapotea.

Kuna namna nyingine ya kupanga ambayo naipenda: wanafunzi watatu au wanne wa mwaka mmoja wanachukua nyumba ndogo nzima, mwenyewe hakai humo. Hapo sheria ni yenu. Vijana wengi wanafikiri maana yake hakuna sheria, na nyumba inavunjika baada ya mwezi mmoja kwa sababu ya sufuria na wachumba. Wanaofaulu ni wale wanaobandika karatasi nyuma ya mlango wa jiko: zamu ya kupika, salongo (usafi wa pamoja) ya Jumamosi, kimya kuanzia saa ngapi wakati wa mitihani, mgeni wa usiku lazima wote wakubali, na anayetaka kuhama anatoa taarifa mwezi mmoja kabla au anatafuta wa kumrithi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalogombanisha marafiki wa tangu sekondari, kwa sababu kodi ya wanne haibebeki na watatu.

Kwa mjomba au mama mdogo

Sitasema mengi. Kwa ndugu hakuna karatasi, na hakuna anayethubutu kuiomba. Unakula, unalala, hulipi, kwa hiyo unatumwa. Kuangalia watoto, kwenda soko la mtaa wa Kenya, kusimama foleni ya maji alfajiri. Ukiishi Ruashi au Katuba unaongeza na safari ya basi mpaka Kasapa. Kosa halihukumiwi siku ya kosa, linahifadhiwa na kusemwa kwenye kikao cha familia miezi mitatu baadaye, mbele ya baba yako aliyesafiri kwa ajili ya msiba. Lakini ukiugua usiku, kuna mtu wa kukubeba. Hilo halina bei. Ninachowaomba wazazi ni hiki: mnapompeleka mtoto kwa ndugu, kaeni nao wote wawili, mseme wazi saa zake za kusoma ni zipi na kazi zake za nyumbani ni zipi. Msimwachie mtoto mzigo wa kuyasema yeye.

Moto na baridi

Jambo moja nataka lilinganishwe peke yake kwa sababu linaua. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi ni baridi kali, tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kuna usiku kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Umeme umekatika. Mtu anaingiza mbabula, jiko la mkaa, ndani, makala (makaa) yamewaka vizuri, hayatoi moshi, anafunga dirisha, analala. Makala yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya: hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, inakulegeza ukiwa usingizini na huamki.

Foyer inakagua mbabula na kuikataza kabisa, na inakupa blanketi la pili au inakuambia uje nalo. Home inakataza kwenye karatasi, na mkubwa wa chumba ndiye anayeamua kama karatasi itafuatwa. Kwenye parsele hakuna anayekuambia kitu, kwa sababu hofu ya mwenye nyumba iko kwenye umeme wake, na makala umenunua mwenyewe. Mahali popote utakapochagua, sheria hii ichukue kama yako hata kama hakuna anayekukagua: mbabula inabaki nje, na ikiwa imepikiwa ndani basi inatolewa kabla ya kulala, mlango ukiwa wazi kwa muda.

Ningempeleka nani wapi

Binti wa L1 anayetoka mbali, asiye na ndugu wa karibu mjini: foyer, bila kusita, angalau mwaka wa kwanza. Ataujifunza mji akiwa na geti nyuma yake. Mwaka wa pili ajiamulie, na ikiwa amezoea na anafaulu, hakuna aibu kubaki mpaka L3.

Kijana wa L1 mwenye kaka au mtu wa nyumbani home, na kitanda chenye jina lake mwenyewe kwenye orodha: home inafaa, kwa sharti kwamba mzazi amezungumza na mkubwa wa chumba. Bila kitanda chenye jina lake, hapana. Bora chumba kidogo Gambela chenye ukurasa mmoja uliotiwa sahihi kuliko umaquisard wa kuamka ukisikiliza hatua kwenye korido.

Mwanafunzi anayefanya kazi, au aliye kwenye zamu za hospitali, asipoteze muda na mageti. Apange, na ikiwezekana apange na wenzake walio na ratiba kama yake. Mtu wa zamu za usiku akikaa na watu wa mchana, kila mmoja atakuwa anavunja usingizi wa mwenzake, na hakuna sheria itakayowapatanisha.

Mwenye ugonjwa wa kudumu, kifafa, seli mundu, pumu, akae na ndugu au foyer yenye mtu anayelala humohumo, hata kama uhuru unapungua. Aseme ugonjwa wake siku ya kuingia.

Na popote utakapokwenda kuangalia, usimwulize msimamizi peke yake. Nenda saa za jioni, simama kwenye bomba au kwenye foleni ya jiko, uwaulize wanaokaa pale: mtu wa mwisho kufukuzwa hapa alifanya nini, na alisikilizwa na nani? Wakikujibu wote kisa kimoja na sababu moja, pale kuna sheria. Wakitazamana kwanza, au kila mmoja akitoa sababu yake, endelea na parsele inayofuata.